Sikudhani, Mwenye Mama

Zama zile za Uzanda, kabla skrini zenu za michezo hazijaanza kuwauliza mnachagua asili gani, aliishi Sikudhani binti Nyamizi, mjukuu wa Nzasa aliyefyeka msitu wa kwanza, Sikudhani Asiyeitika, mama wa kabila letu sisi ambao hamtuchagui. Siku alipotoka kwao kwenda kutafuta ushujaa, mama yake alimfungia viazi, kisha akampigia kelele mlangoni: "We Siku, miguu hiyo yenye tope unaipeleka wapi?" Hiyo ndiyo baraka aliyopata.

Akafika Lango la Asili, akiwa na nguvu za kuling'oa lango lenyewe, akaomba silaha. Bawabu Tungaraza, mtu wa kuvaa joho zito juani, hakunyanyua hata kope.

"Baba yako aliuawa na nani?"

"Yu hai. Anakusalimu."

"Kijiji chenu kilichomwa lini?"

"Kipo. Juzi tumevuna mtama."

"Mama je?"

"Ndiye kanifungia hivi viazi. Karibu."

"Sorry, binti. Shujaa lazima awe na experience ya msiba. Asiyefiwa hapewi silaha. Next!"

Basi kwa sheria hiyo ya kipuuzi, nasema kipuuzi na sifuti, akapewa ufagio afagie langoni, huku mayatima wa kisasi na wana wa wafalme waliochinjwa wakimpita na panga zinazometa, kila mmoja na background yake ya kuliza watu.

Ndipo likapanda kutoka shimoni Zimwi Mwigo, lililokuwa na sauti na maneno ya kila marehemu, ila ya walio hai likiyakisia tu. Likawaita mashujaa kwa sauti za wafu wao. Nao, majabali wa leveli ya mwisho, wakaangusha silaha, wakalifuata kama watoto wanaoitwa kula, likawameza, boma la nyuma ya lango likabaki wazi na watu wake wote ndani.

Sikudhani akatupa ufagio, akaokota mkuki, akasimama njiani peke yake.

Zimwi likalainisha koo. "Sikudhani, mwanangu mpenzi, njoo upumzike."

"Mpenzi?" Akacheka hadi kuta zikatikisika. "Tangu lini?" Akalichoma mkuki kinywani.

Likatambaa kurudi shimoni na jeraha lake, naye akakaa mlangoni mwa shimo kulilinda, masika baada ya masika, hata nywele zikawa nyeupe, likimwita mwanangu, kipenzi, malaika, naye asiitike.

Hata asubuhi moja sauti ikatoka chini, kali, haina sukari: "We Siku, miguu hiyo yenye tope unaipeleka wapi?"

Hapo akajua mama amekufa. Mjumbe wa nini tena?

Akawageukia watu. "Kuanzia leo mimi nikiitwa ninaitika. Mlinzi awe mwenye mama aliye hai."

Kisha akainamia shimo. "Nakuja, mama." Akaingia na mkuki wake. Ukasikika mngurumo, mwamba ukaporomoka, shimo likaziba. Hakutoka yeye, halikutoka zimwi.

Ndiyo maana kwenye ukurasa wa asili, chini kabisa, msikofika kwa haraka ya kuwa wana wa wafalme, ipo Mwenye Mama: upanga hakuna, uchawi hakuna, bonasi sifuri. Ukiichagua, bawabu hakuulizi nani kafa. Anauliza, "Mama hajambo?" Ukijibu hajambo, unakabidhiwa mkuki. Siku utakayonyamaza, ataupokea taratibu, akusogezee kigoda ukae.