Fisi Mganga na Ngozi ya Ngoma

Jiko, jiko.

Moto!

Chungu, chungu.

Kimejaa!

Kimejaa nini?

Kimejaa maneno, nyama bado!

Basi sogeeni. Nyama yenyewe ni ya ng'ombe aliyelima maisha yake yote. Niliinunua kwa sababu muuzaji aliniambia nina macho mazuri, na sasa hayo macho mazuri yanalia moshi. Tungoje pamoja. Tukingoja kimya njaa itatusikia, kwa hiyo acheni niwasimulie.

Hapo kale, watu na wanyama walipokuwa bado wanasalimiana njiani, palikuwa na kijiji chini ya mlima wa mawe. Nyumba ya mwisho, ile inayoegemea mawe, ilikuwa ya mama mmoja aliyeitwa Kidawa. Kidawa alikuwa na mtoto mchanga na mbuzi mmoja wa madoa. Maziwa yake mwenyewe yalikuwa machache, mbuzi ndiye aliyejazia. Kila asubuhi alikamua, chwii, chwii, akachemsha, akaonja kwa ncha ya kidole, kisha akamnywesha mtoto. Bila mbuzi yule mtoto angelala na njaa. Shikeni hilo, maana hadithi nzima imefungwa kwenye shingo ya mbuzi huyo.

Kwenye mawe aliishi Pimbi. Mnamjua: mdogo, kama sungura aliyesahau masikio nyumbani, na mkia hana. Chakula chake ni majani. Wakati wa baridi Kidawa aliacha mlango wa jiko wazi kidogo, upana wa pimbi tu, ili aingie kuota moto. Hakumwambia mtu. Pimbi naye hakusema asante, kwa sababu hakuwa na hakika kama ameonekana. Lakini alijua mlango ule haujisahau wenyewe.

Na msituni aliishi Fisi. Fisi alikuwa na nguvu za kuvunja mfupa, kwaa, lakini uvivu wake ulizidi nguvu zake. Kuwinda kulimchosha. Siku moja akapita kisimani akasikia wanawake wakizungumzia afya. Mmoja alisema tumbo linamsumbua, mwingine akasema ni kile alichokula jana, wa tatu akasema yeye siku hizi anaogopa kila kitu. Fisi akasimama akafikiri. Kumbe mtu anayeogopa chakula chake hukiacha mezani.

Kesho yake akarudi kisimani na shanga shingoni, akajiita mganga.

Akawaambia watu kwamba nyama mbichi ina minyoo. Hilo lilikuwa kweli, na ndiyo maana walimwamini. Kisha akasema nyama iliyopikwa ni mbaya zaidi, kwa sababu imekaa motoni na moto umeingia ndani yake, na mtu akiila ule moto utatafuta pa kutokea. Hilo lilikuwa uongo, lakini lilikuja nyuma ya kweli, likapita nayo mlangoni kama mgeni wa mgeni.

Watu wakauliza wafanye nini na nyama waliyokuwa nayo. Fisi akahema kama mtu aliyebebeshwa mzigo.

"Nileteeni mimi," akasema. "Tumbo langu limezoea hatari."

Wakamletea. Mguu wa ng'ombe, Fisi akala, kwaa kwaa, akasema, "Nimewaokoa." Utumbo wa kondoo, Fisi akala, kwaa kwaa, akasema, "Nimewaokoa." Kuku wa harusi, Fisi akala na shingo yake, akasema, "Nimewaokoa," na bwana harusi akamshukuru huku akimeza mate.

Msiwacheke. Mimi mwenyewe niliwahi kuacha ndizi mwezi mzima kwa sababu ya maneno ya mtu niliyekutana naye kwenye foleni ya maji.

Nyama iliyochinjwa ikaisha. Fisi akatangaza kwamba nyama inayotembea nayo ni hatari, tena zaidi, kwa sababu haijulikani itafika kwa mtu lini. Akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba, na watu nyuma yake wakitazama anavyowaokoa. Asubuhi moja akafika nyumba ya mwisho.

Kidawa alikuwa amemfunga mtoto mgongoni na ameshika kamba ya mbuzi kwa mikono miwili. Akamwambia Fisi kwamba huyu si nyama, huyu ni maziwa. Fisi akamjibu kwa upole kabisa kwamba maziwa ni nyama iliyoyeyuka. Watu wakatazamana. Mama mmoja mzee alisogea akasimama karibu na Kidawa, bega kwa bega. Hakufanya zaidi ya hapo. Lakini alisogea.

Ndipo Pimbi akatoka kwenye mawe.

"Shikamoo, Mganga."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Mimi si mtu wa maana. Mkia wenyewe sikupewa. Nimekuja kukuonya tu, maana nasikia watu wakikusema."

Fisi akauliza wanasema nini. Pimbi akajikuna, akazungukazunguka, kisha akasema kwamba kijiji hiki kina desturi moja ya zamani. Mwenye dawa huionja kwanza mbele ya mgonjwa. Hata mama huonja uji kabla ya kumpa mtoto. Sasa watu wanasema Mganga ameonja nyama mbichi mpaka mbichi imekwisha, lakini iliyopikwa hajaionja hata mara moja. Atajuaje kama ina moto ndani?

Watu nyuma wakaanza kunong'ona kwamba ni kweli, desturi ndiyo hiyo. Walikuwa wameisahau. Fisi akaona minong'ono ile inaweza kumharibia kazi. Tena kuonja maana yake ni kula, na kula hakujawahi kumshinda.

"Basi mtieni huyu mbuzi chunguni," akasema.

"Mbuzi huyu ni mifupa mitupu, atakuaibisha," Pimbi akasema. "Mimi nina kipande cha fahali. Fahali ambaye sauti yake ilikuwa ikisikika mpaka ng'ambo ya mto. Ila onyo moja: kwetu anayeonja ndiye anayechochea moto, na chungu hakifunuliwi mpaka mpishi aseme."

Fisi akakubali kabla sentensi haijaisha.

Pimbi akaingia jikoni. Pembeni jikoni mwa Kidawa kulikuwa na ngoma kubwa ya kijiji iliyopasuka ubavu, ambayo kila mtu alisema ataitengeneza kesho. Pimbi akazitafuna kamba zake, akavua ngozi, ngozi ya fahali, nene kama ukaidi, akaikunja akaitia chunguni. Kidawa alimwona. Alichukua kitunguu, akakikata, akatia na tangawizi, akatia chumvi, akafunika.

Fisi akaleta kuni. Chungu kikaanza, chwe chwe chwe.

"Imeiva?"

"Bado."

Fisi akaleta kuni nyingine. Chwe chwe chwe.

"Imeiva?"

"Bado, Mganga. Maji yamepungua."

Fisi akaenda kisimani na ndoo, yeye ambaye hakuwahi kujichotea hata maji ya kunywa. Akarudi, akamimina, akapuliza moto, fuuu, fuuu, masizi yakamjaa puani. Chwe chwe chwe.

"Imeiva?"

"Bado."

Jua likaanza kushuka. Harufu ya kitunguu na tangawizi ikatoka jikoni ikawazunguka watu. Mmoja akakumbuka supu ya mama yake. Mwingine akakumbuka sikukuu. Walikaa wote chini karibu na mlango wakaanza kuzungumza, na mtu aliyekuwa na mihogo akaichoma akagawa, na yule mama mzee akampokea Kidawa mtoto ili apumzishe mgongo. Ilikuwa muda mrefu hawajakaa pamoja kungoja chungu.

Na Fisi? Mate yalikuwa yakimtoka, dro, dro, dro. Siku zote alikuwa akiogopesha watu kwa ule moto ulio ndani ya nyama. Sasa alimvuta Pimbi pembeni akamuuliza kwa sauti ya chini kama kuna pilipili.

"Iko," Pimbi akasema. "Lakini bado."

Fisi hakuweza kuvumilia tena. Akausukuma mwiko, akafunua chungu, akachomoa ile ngozi nzima nzima, akaijaza mdomoni, akauma.

Nata.

Ngozi ya fahali ikichemshwa mchana kutwa haigeuki nyama. Inageuka gundi. Meno ya juu yakashika ngozi, meno ya chini yakashika ngozi, na taya zile za kuvunja mifupa zikafungana kama mlango uliopigwa misumari. Fisi akavuta. Nata. Akatikisa kichwa. Nata. Shanga zake zikakatika zikatawanyika, na kuku mmoja aliyesalia akazidonoa.

Watu wakasimama. Mzee mmoja akauliza kwa heshima, "Mganga, je, nyama iliyopikwa inatudhuru?"

"Mmmh," akasema Fisi.

Watu hawakuelewa. Pimbi akapanda juu ya kinu ili aonekane.

"Mganga anasema nyama mbichi muiache, minyoo ni kweli. Iliyopikwa haina moto wowote, ila iive vizuri."

"Mmmh, mmmh," akasema Fisi.

"Anasema msiile kila siku mkajisahau, muile na mboga, tena mboga ni tamu sana. Hilo amelisema mara mbili."

"Mmmh," akasema Fisi, na macho yakamtoka.

"Anasema supu ya kwanza apewe mwenye mtoto mchanga."

Fisi akageuka akamtazama mbuzi. Akapiga mguu chini.

"Mmmmmh."

Pimbi akajikuna kidevu, kama mtu anayetafuta maneno yatakayobeba jambo zito.

"Na mbuzi wa maziwa si nyama. Anasema hilo anaapa."

Hapo ndipo yule mzee alipochungulia jikoni akaiona ngoma imebaki gogo tupu. Akaketi chini palepale akacheka mpaka akashikwa mgongo. Kicheko kikatoka kwake kikaenda kwa mkewe, kikaenda kwa bwana harusi, kikaenda kijiji kizima. Fisi akakimbia, pu pu pu pu, kipande cha ngozi kikining'inia mdomoni kama ulimi wa pili. Tangu siku hiyo anakula nyama yake mbichi, peke yake, mbali na watu, na akiulizwa anasema ni ushauri wa mganga.

Kesho yake asubuhi Kidawa akakamua, chwii, chwii. Akachemsha, akaonja kwa ncha ya kidole, mtoto akanywa. Mlango wa jiko ulikuwa wazi upana wa pimbi, na kizingitini palikuwa na majani mabichi ya viazi, yameoshwa. Safari hii Pimbi aliingia akasema asante, kisha akaona haya, akajifanya amekohoa.

Hadithi imeiva, naiepua.

Epua, mama!

Mwenye sikio alete, nipakue funzo.

Pakua!

Funzo ni hili: mambo ya nyama na afya msiulize mtu yeyote ila aliyefunga mdomo, na awe na mkalimani anayekula majani. Funzo la pili: nyama, mbichi au iliyopikwa, haiwafai watoto hata kidogo. Inawafaa akina mama waliosoma mpaka darasa la saba na wenye macho mazuri. Kwa hiyo mimi nitakula yote, ili niwaokoe.

Haya, leteni sahani. Ndiyo, imeiva. Imeiva kwa upande mmoja. Huu mfupa wa jirani, amekaa nasi tangu mchana na hakuomba kitu. Hii yako. Hii yako. Shukuruni, halafu vuteni.

Sasa binti yangu Zawena, ambaye husikiliza hadithi kama anatafuta shimo lilipo, ameangalia sahani yangu akaona mchuzi na mboga tu. Ananiuliza, kama mimi ndiye ninayefaa kula nyama, mbona yangu iko kwenye sahani yake.

Tafuna, mwanangu. Ukimaliza kutafuna utaniuliza.