Vigae vya Moto wa Kwanza

Hapo zamani, mji wa Kwamsanja ulipokuwa ukinuka udongo uliochomwa na si mafuta ya chipsi kama sasa, palikuwa na kiwanda cha vigae. King'ora chake kiliamsha hata wasiokuwa na kazi. Jioni watu walirudi nyumbani wakiwa na vumbi jekundu kwenye kope, na hakuna aliyeona haya kulionyesha.

Tanuri la kiwanda halikula kuni. Lilikula makaa ya mawe yaliyosagwa yakawa unga laini kama wanja. Feni iliupuliza unga kupitia bomba la chuma, ukaingia tanurini ukiwaka. Bomba hilo waliliita mdomo.

Mdomo ule haukurekebishika. Kiangazi, unga ukiwa mkavu, ulimi wa moto ulirefuka ukaunguza vigae vya nyuma. Masika, unga ukiwa na unyevu, ulimi ulifupika. Vya mbele vikaungua, vya nyuma vikatoka vibichi. Na watu wa Kwamsanja walifanya nini? Walihamisha vigae. Miaka nenda, miaka rudi, walihamisha vigae kuufuata moto, na hiyo wakaiita ufundi.

Desturi ya kiwanda ilikuwa nzuri kuliko meneja wake. Tanuri likitengenezwa upya, vigae vya moto wa kwanza alipewa mtu mmoja, yule aliyelifanya liwake vizuri. Vilitosha nyumba moja tu, wala havikugawanywa, maana mwenye nusu ya paa hulowa vilevile. Zawadi hiyo haikuwa ya mchezo. Wale waliochoma vigae vya watu, wao wenyewe walilala chini ya mabati yenye kutu, na masika walitega masufuria vyumbani.

Basi masika moja Bi Mwanahawa, mchochea moto, alikataa kuwasha.

"Siwashi," alisema. "Nimechoka kuharibu udongo. Tengenezeni mdomo unaorekebishika."

"Basi utafagia uwanja," akasema meneja, Bwana Luhende.

"Nipe ufagio."

Akafagia masika yote. Waliomrithi wakatoa vigae vibichi mpaka wateja wakavirudisha na matusi juu.

Ndipo mhandisi Mbelwa akaketi na karatasi. Akachora bomba ndani ya bomba: la nje lipitishe hewa, la ndani lipitishe unga, na la ndani lisogezwe kwa mpini, mbele au nyuma. Likienda mbele, moto ukonde na kurefuka. Likirudi nyuma, moto unenepe na kufupika. Alichora, akafuta, akachora, hadi mkewe akamwuliza kama ameoa bomba.

Mchoro akampa Kihiyo, mchomeleaji.

"Mkuu, chuma hiki kikipata moto kitavimba. Kitakwama."

"Hesabu nimeshapiga, Kihiyo. Hakikwami."

"Sawa, mkuu."

Alisema sawa, akaenda akalikwangua bomba la ndani kwa tupa, asimwambie mtu. Kama la Mbelwa lingekwama au lisingekwama, hatutajua kamwe.

Siku ya kuwasha, Bi Mwanahawa akaitwa kutoka kwenye ufagio, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua kuusoma moto. Feni ikanguruma, unga ukawaka. Kumbe Kihiyo alikwangua kupita kiasi! Unga ukavujia kwenye upenyo, moto ukatema kinyumenyume. Mbelwa akakimbia. Kihiyo akakimbia. Bwana Luhende alikuwa ameshafika getini.

Bi Mwanahawa akavua mtandio, akauzungusha mkononi, akaushika mpini. Akasukuma pole pole. Moto ukarudi ndani, ukajinyoosha hadi mwisho wa tanuri, ukatulia. Nyusi zake zilikwenda na moto.

Tanuri lilipopoa, vigae vilitoka vyekundu sawasawa, vya mbele kwa vya nyuma. Ukikigonga kimoja, kinalia kama kengele. Watu wakapiga vigelegele, kisha wakakumbuka kuna paa la kugombea.

Mbelwa akasema, "Vigae ni vyangu. Hamkuwa na mdomo wa kugeuza mpaka nilipouwaza."

"Ulikimbia!" wakamzomea.

"Nilikimbia mimi. Mchoro wangu ulibaki pale."

Kihiyo akasema, "Vigae ni vyangu. Karatasi haiwaki ila mara moja. Chuma kile nilikiunga mimi, na ningefuata hesabu zako nisikikwangue kwa tupa, kingekwama."

"Nani kasema?" Mbelwa akadakia. "Tupa yako ndiyo iliyomchoma mama wa watu!"

Bi Mwanahawa akapapasa mahali palipokuwa na nyusi. "Vigae ni vyangu. Nilikataa mlipokuwa mnahamisha udongo kama siafu. Nikasimama mlipotimua mbio."

"Shangazi," Kihiyo akasema, "kukataa ulikataa, hatubishi. Lakini ungeshika mpini gani, kama si wangu?"

"Na wewe ungeunda mpini gani, mwanangu, kama ningeendelea kuwasha na kunyamaza?"

Wote watatu wakamgeukia Bwana Luhende.

Lori lilikuwa limeshapakiwa, injini inanguruma, na wingu la mvua limeukalia mji mzima, juu ya mabati ya wote watatu. Dereva akatoa kichwa dirishani.

"Bosi, nipeleke kwa nani? Mvua hiyo!"

Bwana Luhende akamtazama mhandisi, akamtazama mchomeleaji, akamtazama mchochea moto. Kisha, kama kawaida yake, akawageukia watu wengine wamjibie. Haya, mjibieni nyinyi mnaosikiliza: lori lishike njia ya nani? Je, nani alistahili paa lile?