Goma Lililotangazwa na Gari la Santuri

Mchuuzi mwenye changu waliovuliwa alfajiri hana haja ya kupayuka. Huketi, akafunua kikapu, na wanunuzi wakamjia wenyewe. Mwenye samaki wa jana ndiye azungukaye mitaani akiwasifia samaki wake mbele ya watu wenye pua. Ndivyo ilivyo kwa bidhaa, na ndivyo ilivyo kwa maneno na nyimbo: kilicho chema huvuta watu kwa wema wake, na kilichopungukiwa hutafutiwa miguu. Chengo wa Changamwe aliyasikia maneno hayo tangu utotoni, lakini aliyaelewa siku moja tu, naye ameketi ndani ya gari.

Chengo alikuwa kuli katika bandari ya Kilindini. Vita vikuu vilikuwa vimekwisha punde, na maduka ya Mombasa yalikuwa yamejaa vitu tena. Waliorudi kutoka Burma walivaa kofia zilizoinamia jicho moja, wakapanda baiskeli zenye kengele mbili, wakavaa viatu vilivyolia kwaru kwaru ili hata kipofu ajue kuwa ni vipya. Chengo hakutamani viatu wala baiskeli. Tamaa yake ilikuwa gramafoni, na alipoipata aliitunza kama mboni ya jicho. Aliifunika kwa kanga ya mkewe, akabadilisha sindano kila baada ya santuri moja, na hakuna mkono mwingine ulioruhusiwa kuizungusha. Kila Jumapili ua wake ulijaa Wagiriama, Wataita, Wakamba na Wajaluo, na Chengo akisema kuwa wimbo fulani ni mzuri, basi ni mzuri, hakuna rufaa.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekata rufaa, naye ni Ruwa, ndugu wa mkewe Kafedha. Ruwa alikuwa mwembamba kama ufito, mwenye sauti ya chini hata ikabidi watu wanyamaze ili wamsikie. Huko vitani alikuwa amepita bandari ya Kalikata kule Uhindi, akawaona makuli wa pale wamekunja mikono siku nne, na meli zikakaa majini kama bata wasio na mwenyewe. Jambo hilo halikumtoka kichwani. Aliporudi alijifunza kusoma magazeti, akawa anawasomea wenzake polepole, neno kwa neno, na kila alipomaliza aliuliza swali lile lile: "Sasa ninyi mwaonaje?" Hakuwahi kumwambia mtu aone nini.

Jumapili moja, Chengo alipokuwa akibadilisha sindano, Ruwa aliuimba wimbo alioutunga mwenyewe. Aliufuata mwendo wa makuli wanapovuta kamba:

"Gunia hili ni la nani? Goma, baba, goma.
Mgongo huu ni wa nani? Goma, baba, goma.
Chungu cha mama kimelala, goma, baba, goma."

Watu wa pwani walicheka kwa kuelewa. Kwao goma ni ngoma ya wanaume, wasimamao safu moja, bega kwa bega, wakienda kwa hatua za taratibu na bakora mkononi. Tena goma ni neno aambiwalo mfanyakazi ili akunje mikono yake. Ruwa alikuwa amezifunga maana mbili katika fundo moja.

"Shemeji," Chengo alimtania, "wimbo usio na santuri ni kama harusi isiyo na bibi harusi."

"Kweli, shemeji," Ruwa alijibu. "Lakini bibi harusi huyo wako, usipomzungusha mkono, hatoi hata neno."

Ua mzima uliangua kicheko, na Chengo akacheka pia, ingawa kilimchoma kidogo.

Mambo ya bandarini yalikuwa mazito. Makuli walikuwa vibarua wa siku, mvua ikinyesha hurudishwa nyumbani mikono mitupu, na unga ulikuwa umepanda mpaka kina mama wakaanza kuupima kwa kikombe cha chai. Hivyo Ruwa na wenzake waliitisha mkutano uwanjani, Jumapili iliyofuata alasiri, ili wakubaliane kuacha kazi pamoja. Hatari ilijulikana na kila mtu. Wakija wengi, hakuna atakayeguswa. Wakija wachache, mnyapara atawachambua mmoja mmoja kama mchele, na wa kwanza kutupwa atakuwa Ruwa, mwenye watoto watatu na mama mgonjwa.

"Shemeji, lete gramafoni yako," Ruwa aliomba. "Watu watakuja kuisikiliza, nasi tutazungumza nao."

"Nitaileta," Chengo aliahidi. "Ondoa shaka."

Ahadi hiyo haikumaliza wiki. Siku ya Alhamisi alikuja mwenye duka moja la santuri, akiwa ameandamana na mnyapara. Alikuwa na gari jipya lenye kipaza sauti juu ya paa, nalo lingepita Changamwe yote Jumapili alasiri likipiga nyimbo na kugawa sigara. Alimhitaji mtu wa kuchagua nyimbo zitakazowavuta watu, na zawadi yake ilikuwa sanduku la santuri kumi na mbili ambazo hazijaguswa na sindano. Chengo alizipitia moja baada ya nyingine. Rumba, waltzi, magitaa ya Kongo.

"Saa ngapi?" aliuliza, ingawa alikwisha kujua.

"Saa tisa," mnyapara alisema akitabasamu. Ndiyo saa ya mkutano.

Usiku ule Kafedha hakupiga kelele. Alilitazama lile sanduku ambalo Chengo amekwisha kulipokea, akamtazama mumewe. "Baba Tsuma," alisema, "hizo santuri ni nzuri?"

"Nzuri mno."

"Basi mbona zatafuta gari la kuzibeba, na mtu wa kuzisemea, na sigara juu yake? Wimbo wa kaka yangu nauimba kisimani, na hakuna aliyenipa hata kiberiti."

Chengo alijigeuza upande wa ukuta. Muziki ni muziki, alijiambia, nao haumkatazi mtu kwenda mkutanoni. Lakini usingizi ulimpaa.

Jumapili ilipofika alipanda gari. Mtangazaji alikuwa kijana wa bara aliyeitwa Nicanor, mcheshi, mwenye tai nyekundu na sauti ya kuamsha wafu. Kiswahili chake kilikuwa cha miezi sita. Chengo alichagua santuri, Nicanor akazipiga, na gari likazunguka taratibu kama bwana harusi. "Njoni! Njoni! Sigara bure! Muziki ya kisasa!"

Watu walitoka milangoni, wakachukua sigara, wakatikisa mabega kidogo. Santuri zenyewe hazikuwa na kosa, kwa maana aliyezipiga huko Kongo hakujua zingetumwa kazi gani. Lakini gari lilipopita, watu walikata kona na kwenda zao upande wa uwanjani. Nicanor alipandisha sauti. Gari likawafuata. Nyimbo tatu, nne, tano, na kila wimbo ulipokwisha, kabla sindano haijabadilishwa, sauti nyingine ilisikika kutoka mbali. Ilikuwa nzito na ya taratibu, haikupita katika waya wowote.

"Gunia hili ni la nani?"

"Goma, baba, goma!"

Walipofika ukingoni mwa uwanja, Chengo alishika mlango wa gari. Alikuwa ametazamia watu arobaini. Uwanja ulikuwa umejaa. Wanaume walikuwa wamesimama safu safu, bega kwa bega, bakora mkononi, wakienda kwa hatua za goma, na kina mama kando wakipokea kiitikio. Wajaluo walikuwemo, na Wakamba, wakiuimba kama uliozaliwa kwao. Ruwa hakuonekana hata alipo. Wimbo haukumhitaji tena.

"Hawa wanataka nini?" Nicanor aliuliza akijifuta jasho. "Kila nikipiga wimbo wanasema goma, goma. Goma ni nini, mzee?"

Huko kwao bara, na kote alikopita kando ya reli, watu wakiacha kazi walisema straiki. Neno hili lilikuwa geni masikioni mwake kama mnazi kwa mtu wa mlimani.

Chengo akimweleza, gari lingegeuzwa mbio kwenda kumwita mnyapara na askari, na sanduku lingebaki lake. Alizitazama zile santuri kumi na mbili, nyeusi, zinang'aa kama macho ya ng'ombe. Aliutazama uwanja. Aliona pale mbele nafasi tupu katika safu ya kwanza, upana wa mabega ya mtu mmoja.

"Goma ni ngoma yetu sisi watu wa pwani," alisema. Wala hakusema uwongo. "Wanaume husimama safu moja. Hiyo ndiyo waitakayo. Watangazie."

Nicanor alifurahi kama aliyeokota lulu. Aliukaribia mdomo wa kipaza sauti, akavuta pumzi, akanguruma: "Wananchi wa Changamwe! Leo ni goma! Goma kwa wote! Kesho pia goma! Mwambie na jirani: goma!"

Kishindo kilichomjibu kiliwarusha kunguru wote wa minazini. Watu walicheka hadi machozi, wakarusha kofia juu. Nicanor, akidhani hatimaye amempata mteja, aliamuru dereva azunguke tena. Gari likaenda mpaka Jomvu Kuu likitangaza goma kwa sauti ambayo makuli wasingeweza kuipata hata wangechanga mwaka mzima.

Chengo hakuwa ndani yake. Alikuwa ameshuka, sanduku ameliacha kitini, akaenda kuijaza ile nafasi katika safu.

"Umechelewa, shemeji," Ruwa alisema, akitokea ubavuni pake. "Na bibi harusi yuko wapi?"

"Nimemwacha nyumbani. Leo harusi ni yako."

Kesho yake alfajiri, njia ya kwenda bandarini ilikuwa tupu kama kiganja. Makuli walikuwa wengi mno hata mnyapara hakuweza kuwachambua, na Ruwa hakuguswa. Baada ya siku kadhaa wakubwa waliwaita wazungumze, jambo ambalo halijapata kutokea. Si yote waliyoyaomba waliyapata, lakini waliitwa, wakaketishwa vitini, wakasikilizwa.

Nicanor alifukuzwa kazi dukani. Wiki mbili baadaye alikuja uani kwa Chengo, hana tai, amekwisha kuwa kuli. Alisikiliza gramafoni, kisha akaanza kuuvumisha wimbo puani bila kujijua. Goma, baba, goma.

"Mzee," alisema, "wimbo huu hauniachi. Nioneshe santuri yake."

"Hauna santuri."

"Basi watu wote wale waliununua wapi?"

Kafedha alicheka kule jikoni. Chengo aliitoa sindano iliyochakaa, akaiweka kando, akajibu kwa upole: "Hawakuununua popote, mwanangu. Wewe uliyezunguka na gari unajua: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."