Miche ya Mwanakheri

Sogeeni, wanangu, mnitegee masikio. Zimwi aliwageuza watoto watatu wa Mwanakheri kuwa mbegu za maboga zilizochipua, akamrudishia ndani ya kitambaa kibichi.

"Wahamishie kwenye vyungu vya udongo," akamwambia. "Atakayeshika mizizi, utamsikia tena."

Mwanakheri akamchukua wa kwanza. Mizizi yake ilikuwa na uchafu, naye mama hamlazi mtoto bila kumwogesha. Akaisugua kwa maji, ikakatika, mtoto akanyauka.

Akamchukua wa pili. Akamwona anatetemeka, akamfunika udongo hadi shingoni asipate baridi. Akaoza.

Wa tatu akamshika kwa ncha ya jani, akampanda bila kumbembeleza, akarudi nyuma akilia. Huyo akashika.

"Mama," mche ukaita.

"Naam, mwanangu. Toka twende nyumbani."

"Nitatokaje, mama? Nimeshaota mizizi. Ukining'oa nakufa."

Mwanakheri akamgeukia Zimwi.

"Niliahidi utamsikia," Zimwi akasema. "Si unamsikia?"

Basi, ngano yangu naitua hapa. Mkikutana na mwanamke amefunga chungu mgongoni kwa mbeleko, msimcheke. Mpisheni njia.