Bonde Lililokaa Bure

Hapo zamani, katika mji wa Kiwambani, alitawala Sultani Badari, mtu mwema wa tabia ila mwepesi wa kusadiki maneno matamu. Na mjini humo alikuwako tajiri Muhidini, aliyetamani mabonde yote ya nchi yawe mashamba yake ya miwa. Basi akamwendea Sultani akamwambia, "Bwana, watu wa kijiji cha Mchekeni wana bonde zima limeota magugu. Nipe mimi nilitie kazini." Sultani akapendezwa, ikapigwa mbiu kwamba kisichofanya kazi katika nchi hii hakina mwenyewe, na atakayekitia kazini ndiye mwenye haki nacho.

Lo! Watu wa Mchekeni wakaingiwa na hofu, maana desturi yao ilikuwa kulima bonde la juu huku la chini likipumzika, kisha kubadilisha. Na la juu lilikuwa limekwisha choka. Wakinyang'anywa la chini, watapanda wapi? Wakamtuma Machano, fukara asiye na kitu ila ulimi.

"Bwana wangu," akasema Machano, "bonde lile halikukaa bure. Linapumzika, na kupumzika ndiyo kazi yake."

Sultani akacheka. "Tangu lini kupumzika kukawa kazi? Niletee shahidi nisiyeweza kumkana. Usipomleta kabla ya Ijumaa, bonde ni la Muhidini."

Ikawa siku ya Alhamisi Machano akaingia uani kwa Sultani. Humo, ndani ya tenga, alikuwamo kuku wa mbegu ya Ngazija, ambaye bwana yule alimpenda kuliko mawaziri wake, na huenda hakukosea. Machano akamnyanyua, akamtia kwapani, akashika njia ya jikoni. Kuku akapiga kelele, na Sultani akatoka barazani mbio, kiatu mguu mmoja, Muhidini nyuma yake.

"We Machano! Wampeleka wapi kuku wangu?"

"Chunguni, bwana. Nimemkuta amekaa tu, hatagi wala hachakuri. Nikaikumbuka mbiu yako, nikasema huyu hana mwenyewe, nami nina hamu ya mchuzi."

"Mpumbavu wee! Huoni kuwa anaatamia? Huko kukaa ndiko kazi yake! Ukimtoa, vifaranga utavipata wapi?"

Machano akainama kwa adabu. "Bwana, uliniagiza shahidi usiyeweza kumkana. Amekwisha nena, na nyumba nzima imemsikia."

Muhidini akakohoa, akatazama pembeni. Sultani akaona haya, kisha kicheko kikamshinda hata kilemba kikamwanguka. Akampokea kuku kwa mikono yake mwenyewe, akapiga magoti penye tenga, akayagusa mayai.

"Yangali na joto," akasema. "Haya, pigeni mbiu nyingine upesi, watu wa Mchekeni waachiwe bonde lao kabla halijapoa."