Kiti cha Asenath

Watu wa mtaa wa Shauri Moyo walimjua Patrobas Shiundu kwa mambo mawili: vitanda imara alivyovitengeneza katika karakana yake karibu na soko la Gikomba, na gari lake jeusi. Lilikuwa gari la kifahari, kuukuu lililotumika ng'ambo, lakini lilijua kujipamba, na viti vyake vya ngozi vilikuwa vyeupe kama maziwa. Alilipangusa asubuhi na jioni utadhani linangoja posa. Majirani walicheka chini kwa chini. Mbele yake hawakuthubutu, kwani walijua alilinunua akiwa na kidonda moyoni.

Mkewe, Asenath, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Tangu ujana wao Patrobas alikuwa amemwahidi kwamba siku moja angempeleka kwao Kakamega katika gari lao wenyewe, akiwa amekaa mbele kama bibi wa heshima. Kifo hakikungoja. Asenath alirudi kwao ndani ya jeneza, na ahadi ile ikamkwama mumewe kooni kama mwiba wa samaki.

Jumapili moja baada ya ibada, Patrobas alikuwa peke yake garini wakati kengele ya mkanda ilipoanza kulia. Alijitazama. Mkanda wake ulikuwa umefungwa. Taa nyekundu kwenye dashibodi ilionyesha kiti cha pembeni, ikidai kwamba mtu aliyeketi pale hajajifunga. Kiti kilikuwa kitupu. Alinyoosha mkono akakigusa, na nywele zikamsimama. Kilikuwa na joto, joto la kiti alichokiacha mtu sasa hivi. Nje watoto walikuwa wakicheza mpira juani kama kawaida.

"Asenath?" aliita kwa sauti ya chini.

Kengele iliendelea kulia. Aliuvuta mkanda, akaupitisha juu ya kiti kile kitupu na kuufunga. Kengele ikanyamaza papo hapo. Patrobas aliuinamia usukani, akalia kwa furaha.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kukikalia kiti kile. Mzee alimfungulia marehemu mlango, akamfunga mkanda na kumsimulia habari za karakana. Dirisha la upande ule liliposhuka lenyewe, alisema Asenath hakupenda joto. Harufu ya kuungua ilipoanza kunusika, alisema ni mahindi, kwa sababu mkewe alipenda kuchoma mahindi. Kila kasoro ilipata maelezo yake, na kila maelezo yalimfariji.

Binti yake Marion, aliyeishi naye pamoja na mtoto wake mdogo, Celine, hakufarijika hata kidogo.

"Baba, hilo gari ni gonjwa," alimwambia. "Nimeingiza namba ya chesisi kwa simu. Kampuni iliyolitengeneza iliagiza magari ya aina hii yarudishwe. Nyaya zilizo chini ya hicho kiti zinachubuka na kushika moto. Kengele, joto, dirisha, yote wameyataja."

"Na mama yako, wamemtaja?"

"Si mama, baba. Ni waya!"

"Mimi ndiye niliyeishi naye. Namjua akiwa kando yangu."

Marion alifuta machozi. "Basi niahidi kitu kimoja tu. Celine asipande."

"Nimekuahidi," Patrobas alisema, akiangalia pembeni.

Wiki haikwisha. Marion alikuwa kibandani kwake sokoni, na mtoto ameachwa na babu yake. Celine alisimama kando ya gari, akamshika mzee kidole. "Kuka," alisema, kwani ndivyo alivyomwita babu, "nataka kupakatwa na Kukhu."

Nani angemnyima mtoto Kukhu, bibi yake? Patrobas aliyeyuka kama samli. Alimweka Celine kwenye kiti cha pembeni, akamfunga mkanda, wakaondoka kuelekea Kamukunji huku mtoto akicheka.

Kicheko kilikatika walipofika kwa mafundi wa mabati.

"Kuka, Kukhu ana moto."

"Anakukumbatia tu, mjukuu wangu."

"Ananichoma!"

Patrobas alitabasamu. Ndiyo, alitabasamu, na tabasamu hilo lilimtesa baadaye kuliko jambo jingine lolote. Kisha moshi ukafuka kutoka chini ya kiti. Alikanyaga breki. Milango ikajifunga yenyewe, na vioo vikakataa kushuka. Kengele ikaanza kulia, ileile, kwa utulivu uleule wa siku zote. Alishika kifungo cha mkanda kikamuunguza vidole.

"Asenath, mwachilie mtoto!" alipiga kelele. "Mwachilie, nakusihi!"

Kengele ililia tu. Ilimlilia kama ambavyo ingemlilia mtu yeyote. Hapo ndipo Patrobas alipojua kwamba alikuwa akikisihi kiti. Alikishika tena kifungo kile cha moto, hakukiachia mpaka kikafunguka, akamvuta Celine kifuani pake. Fundi mmoja alivunja kioo kwa nyundo, wengine wakawatoa. Nyuma yao viti vyeupe viliungua vyote.

Marion aliwakuta hospitalini. Celine alikuwa amelala, paja limefungwa bendeji. Patrobas alikaa kando ya kitanda, mikono yake nayo imefungwa.

"Nani alikuwa kwenye kile kiti, baba?" Marion aliuliza bila kumsalimu.

"Hakuna mtu." Mzee aliitazama mikono yake iliyofungwa. "Mama yako alikufa, Marion. Nyinyi mlimzika. Mimi nilikataa."

Sauti zao zilimwamsha mtoto. Alitazama huku na huku, akajifunika uso kwa shuka.

"Kuka, mwambie Kukhu asije tena," alisema. "Mimi namwogopa."

Patrobas alilia kuliko siku ya mazishi. Mwanamke aliyempenda kuliko wote duniani sasa alikuwa zimwi katika ndoto za mjukuu wake, na yeye mwenyewe ndiye aliyemfanya hivyo. Gari lilikuwa limemwonya kwa mwanga, kwa sauti, kwa joto na kwa harufu, naye kila onyo alilipa jina zuri. Hawakukosea waliosema: ukipenda, chongo huita kengeza.