Mteja Aliyeajiriwa na Muuza Asali wa Zabidi

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji wa Zabidi, nchi ya Yamani, alikuwako muuza asali mchamungu aitwaye Ghalibu bin Hurayth. Duka lake lilikuwa dogo, na mtumishi wake alikuwa mmoja tu, Mundhiri, mtu wa swala na mwenye ulimi wa upole. Mundhiri aliingia kazini akiwa kijana, na mvi zikamwota akiwa bado nyuma ya mizani ileile. Hakuna aliyewahi kumlalamikia.

Kazi ilipozidi, Ghalibu akamwajiri mtu wa pili. Hakumtafuta mbali. Alimchukua Wahbu, mteja wao wa siku nyingi, mfumaji aliyekuja kuomba kazi kwa kuwa macho yake yalikuwa yamedhoofika hata haoni tena uzi vizuri.

Mundhiri hakupendezwa. "Bwana wangu," alisema, "mteja hafai kuajiriwa. Siku tukikosana naye tutapoteza mtumishi na mnunuzi kwa pamoja. Isitoshe, huyu kila akija alikuwa na neno: asali hii nyepesi, ile imeungua."

"Ndiyo sababu namtaka," akajibu Ghalibu. "Mimi na wewe tunajua kuuza. Yeye anajua kununua."

Wahbu akaanza kazi. Kila mtungi aliuonja kabla ya kuwapimia watu, na kila aliyekuja alimuuliza asali ni ya nani na ya nini. Wengine aliwaambia wasinunue siku ile, wasubiri iliyo bora. Ajabu ni kwamba walirudi, tena na jirani zao, na neno lao la kwanza mlangoni likawa, "Wahbu yupo?"

Swali hilo lilimchoma Mundhiri kama mwiba. Alitabasamu na kuwaelekeza, lakini kifua kilikuwa kinawaka. Hata alipokuwa amesujudu aliwasikia wakicheka na Wahbu, akasahau ni rakaa ya ngapi. Kisha Ghalibu akasafiri kwenda kumzuru dada yake, akamwachia Wahbu ufunguo wa duka, kwa kuwa nyumba ya Wahbu ilipakana nalo. Mundhiri hakuitazama sababu. Aliutazama ufunguo tu, ukining'inia kiunoni mwa mtu aliyekuja juzi.

Asubuhi yake, Wahbu alipokwenda kuteka maji, Mundhiri alitwaa mtungi wa asali safi akautia shira ya tende, akaukoroga, akaufuta mdomo vizuri. Wahbu aliporudi akampa. "Anza na huu," alimwambia.

Akaja Bi Umayma, ambaye mumewe alikuwa mgonjwa na tabibu amemwagiza asali isiyochanganywa na kitu. Wahbu akampimia katika mtungi ule. Mundhiri alikuwa amesimama karibu. Neno moja lingetosha, naye hakulitamka.

Hali ya mgonjwa ikawa mbaya. Tabibu alipoionja ile asali, akaitambua shira. Bi Umayma akaenda kwa muhtasibu, msimamizi wa soko, naye akaja dukani na watu wamemzunguka. Ghalibu alikuwa amekwisha rudi safarini, akasimama pembeni ameinamisha kichwa.

"Ni nani aliyempimia mama huyu?" akauliza muhtasibu.

"Ni mimi," akasema Wahbu.

"Wasema watu kwamba huonja kila mtungi. Huu uliuonja?"

"Huu sikuuonja, kwa sababu niliupokea mkononi mwa Mundhiri. Nilikuwa mteja wake miaka mingi. Hata macho yangu yalipofifia, sikuona haja ya kuja na mtu wa kunitazamia mizani. Nilipokosa kazi, duka hili ndilo nililoliomba, nikijua nitakaa karibu na mtu mwaminifu. Basi uzembe ni wangu, na adhabu iwe yangu."

Miezi yote ile Mundhiri alikuwa akimchukia mtu aliyekuja kwa ajili yake. Angeweza kunyamaza, na Wahbu angeondoka sokoni kwa aibu. Akasogea mbele ya muhtasibu.

"Mwacheni," akasema. "Shira niliitia mimi. Nilimhusudu."

Muhtasibu akaamuru Mundhiri asiguse mizani mpaka bwana wake aridhike naye, na ampelekee mgonjwa asali safi kwa mikono yake mwenyewe. Mundhiri akaipeleka kila alfajiri, akikaa kizingitini kumwomba Mungu, mpaka Mwenyezi Mungu alipomjalia yule mgonjwa kuinuka. Dukani akawa mwosha mitungi. Wateja wengine hawakurudi tena.

Ghalibu alimrudishia mizani baada ya muda mrefu, na aliyemwombea ni Wahbu. Wanasema husuda haikumtoka Mundhiri mara moja. Bado wateja waliuliza, "Wahbu yupo?" na bado kifua kilishtuka. Ila kila kiliposhtuka, alimwombea Wahbu dua kwanza, ndipo akawajibu, "Yupo. Karibuni."

Enyi ndugu zangu, hasidi huhesabu neema ya mwenziwe akasahau kwamba huenda mwenziwe huyo anamshukuru Mungu kwa ajili yake. Mola atutakasie vifua vyetu, na atupe ujasiri wa kusema kweli pale tunapoweza kunyamaza. Amina.